Kilenzi cha Fundi Saa

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Mombasa nzima ilivaa miwani ya jua. Makanga, wauza madafu, makarani wa benki, walimu wa madrasa, kila mtu alikuwa ama ana macho mekundu ama anamkimbia mwenye macho mekundu. Kwenye feri ya Likoni watu walisimama mikono kifuani, hakuna anayetaka kushika chuma kilichoshikwa na mwenziwe. Nyumbani kwetu ugonjwa ulianza kwa mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne na nusu, na ulimwanza jicho la kulia. Siku ya pili jicho lile lilikuwa limefura, kope zimeshikana, tongo zimekauka juu yake kama gundi ya fundi viatu.

La kushoto lilikuwa zima. Jeupe, limefunguka, halina hata chembe ya tongo. Ndiyo maana sikufahamu kwa nini alikuwa akitembea huku amenyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Mama, sioni."

"Tumia hili jengine, baba."

"Hili halioni."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kwamba kiti fulani mguu wake mbovu, jambo ambalo nyumba nzima inalijua. Kisha akajigonga kwenye kona ya kabati la vyombo. Mama mkwe akatoka jikoni na bakuli la chai ya rangi iliyopoa, pamba mkononi, tayari kumwosha jicho.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguu imeniisha nguvu. Maneno yale nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyasema mwenyewe, kwa namna nyingine, nikiwa na miaka sita au saba, mbele ya meza ya babangu.

Babangu alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, upana wake kama mlango mmoja tu. Mezani sanduku la kioo lenye saa zilizokufa, na mbele yake kitambaa cheupe cha kudakia skrubu ndogo kuliko chawa. Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni kile kilenzi cheusi cha kubana kwenye jicho. Hakukishika kwa mkono; alikibana baina ya nyusi na shavu, akazungumza na wateja kimekaa pale pale, jicho moja la mtu na jicho moja la mdudu.

Siku moja alipokwenda kuswali alasiri nikakipachika. Jicho la kulia: meno ya gurudumu la Seiko, moja moja, na tone la mafuta linang'aa katikati. Nikahamishia kushoto. Ukungu. Kitu cha rangi ya shaba, na ukungu. Nikakipangusa kwa ncha ya leso, nikajaribu tena. Ukungu ule ule. Aliporudi nikamwambia, "Baba, kilenzi kimeharibika ukikitia upande huu." Akakichukua, akakitia jichoni mwake, akatazama.

"Kizima hiki," akasema, na akaendelea na kazi.

Simlaumu. Alikagua chombo kama fundi yeyote, akakikuta salama. Nami nikakua hivyo hivyo. Nikimimina chai mara nyingine naikosa shabaha ya kikombe. Kutunga uzi kwenye sindano kwangu ni shughuli ya nusu saa. Tulipocheza kati pale uwanjani nilikuwa wa kwanza kupigwa mpira kila siku, mpaka wenzangu wakaniona bora nihesabu pointi. Nilijiona mzembe tu. Nilikuwa na miaka 24, nimeajiriwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nikapelekwa kupimwa afya, ndipo muuguzi alipoliziba jicho langu la kulia kwa kijiko cha plastiki na kuniambia soma. Nikaona ukuta mweupe na ile herufi kubwa ya juu. "Uliwahi kuumia?" akaniuliza. Sijawahi.

Ugonjwa huu kwa Kiswahili wengine huuita jicho legevu, wengine jicho vivu. Majina ya kuonea hayo. Jicho langu la kushoto halikuwahi kukataa kazi. Kila siku tangu nizaliwe limeingiza mwanga, limepeleka habari, na habari hizo zimefika mahali ambapo hakuna anayezisoma.

Chukua mfano wa madrasa. Wanafunzi wawili wamekaa mbele ya ustadh, wanasoma aya moja kwa pamoja. Mmoja sauti yake safi, mwenziwe ana mafua, herufi zinamkwama kooni. Siku za mwanzo ustadh atajaribu kuwasikiliza wote. Baada ya wiki masikio yake yameshamwelekea yule wa sauti safi, na wa mafua anatikisa midomo tu. Mwezi wa pili mafua yamepona, kijana anasoma vizuri, lakini ustadh keshazoea kutomsikia. Ubongo ndio huyo ustadh. Mafua yenyewe huwa ya namna tatu: jicho moja linahitaji miwani kuliko mwenziwe, au limekwenda kengeza, au kuna kitu kimeziba njia ya mwanga. Mimi na mwanangu ni wa namna ya kwanza, ambayo ndiyo yenye hila kuliko zote, maana kwa nje hakuna kinachoonekana. Mtoto ana macho mazuri mawili, anakimbia, anachora, anakuletea kijiko ulichokiangusha. Jicho moja linafanya kazi ya mawili wala halilalamiki.

Waliolionyesha jambo hili wazi ni David Hubel na Torsten Wiesel, huko Marekani, katika miaka ya 1960. Walishona kope za jicho moja la mtoto wa paka katika zile wiki ambazo paka hujifunza kuona, kisha baadaye wakazifungua. Jicho lilikuwa zima, mwanga unaingia sawasawa, ila sehemu ya ubongo iliyopaswa kulihudumia ilikuwa imenyakuliwa na jicho la pili. Paka mkubwa aliyefanyiwa vivyo hivyo hakupata hasara hiyo. Mwaka 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nilisoma habari hii saa nane za usiku, simu nimeishika chini ya chandarua. Kwanza niliwahurumia wale paka (sisi wa Mji wa Kale tumelelewa na paka), halafu nikahesabu miaka ya mwanangu kwa vidole.

Ubongo wa binadamu huchukua muda mrefu kuliko wa paka. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye nguvu zaidi, na mlango huanza kurudishwa taratibu mtoto anapofika miaka saba au minane. Haufungwi kwa kishindo. Wapo waliotibiwa wakiwa na miaka kumi na zaidi wakapata nafuu. Ila kila mwaka unaopita kazi inakuwa ngumu na faida inakuwa ndogo. Mwanangu alikuwa na minne na nusu.

Macho mekundu yalipopona tulikwenda kwanza kwenye duka moja la miwani la karibu, ambalo silitaji. Kijana wa pale alimtazama mwanangu, akanitazama mimi. "Huyu bado hajui herufi, atapimwaje? Mlete akifika miaka kumi. Huenda likajirekebisha lenyewe." Alikuwa mpole, akampa mtoto peremende. Ningemsikiliza, ningekuwa nimemrithisha mwanangu jicho langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa sababu mtoto hahitaji kujua herufi. Hahitaji hata kujua kusema. Kwenye kliniki ya macho tuliyokwenda baadaye walimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja karibu saa nzima, kisha daktari akakaa mbele yake chumba kimefifishwa, akammulika kwa mwali mwembamba huku akibadilisha vilenzi mbele ya jicho, na kuutazama mwanga unavyorudi kutoka ndani. Mtoto anaangalia katuni ukutani, hajui kwamba anasomwa. Wanaweza kumpima hivyo hata mtoto wa miezi miwili.

Tukiwa tunangoja yale matone yafanye kazi, nilikaa benchi moja na mama kijana aliyevuka kutoka Likoni na mtoto wa kike wa miezi saba. Mtoto mnene, anacheka, amevalishwa bangili za shanga. Lakini macho yake hayakutulia. Yalikuwa yanayumba kushoto kulia, kushoto kulia, kama ngalawa iliyofungwa kwenye nanga siku ya upepo. Nilipoinama kumchezea ndipo nikaona: katikati ya kila mboni, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na tone jeupe kama tui.

"Wamesema ni mtoto wa jicho," akaniambia mamake kwa sauti ndogo. "Nikawaambia, mtoto wa jicho si wa wazee?"

Hilo jina letu ni zuri na linatupoteza. Lenzi ya ndani ya jicho ikipoteza uangavu wake tunasema jicho limezaa, na kwa kuwa tumewaona mababu na mabibi wakiugua, tunadhani ni mvi za macho. Watoto huzaliwa nao. Wengine wanaurithi, wengine chanzo chake hakijulikani kamwe, na wengine umetoka kwenye mimba. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliandika juu ya watoto 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho, na alipouliza historia za mama zao akakuta wengi wao waliugua rubela mimba ikiwa changa. Ugonjwa wenyewe kwa mama ni homa kidogo na vipele, unapita kwa siku tatu. Lakini jicho la mimba huanza mapema mno. Kwenye wiki ya nne, wakati mama mwingine hata hajajua kwamba ana mimba, vishimo viwili vimeshajitokeza kwenye kile kitakachokuwa ubongo na vinakwenda kukutana na ngozi ili kutengeneza lenzi. Kirusi kikipita hapo, kinampata fundi yuko kazini. Kope huja kufungana mwezi wa tatu na hazifunguki tena mpaka karibu wiki ya 26. Katika giza hilo mambo mengi yameshaamuliwa. Hapa Kenya chanjo ya rubela imeunganishwa na ya surua tangu 2016, mtoto huchomwa akiwa na miezi tisa na tena miezi 18. Tunapompeleka mtoto wetu wa kike kuchanjwa, tunamchanjia na mjukuu.

Yule mama alinieleza kwamba siku ya arobaini ndugu walipokuja kumtazama mtoto, shangazi mmoja alisema macho yana maji ya uchanga, yatakauka. Nimeliwaza sana neno hilo la arobaini. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni kwake, yaani kutoka titi la mama mpaka uso wa mama, na zaidi ya hapo dunia ni vivuli. Macho yake hukimbia huku na huku, na akilia wiki za mwanzo unaweza usione chozi. Kisha katika wiki ya sita hivi, ghafla, anakukazia macho na anakutabasamu. Ni siku zile zile ambazo kwetu mama anatoka ndani na mtoto anaonyeshwa watu. Hesabu basi: siku 40 ni wiki sita kasoro siku mbili. Na kwa mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito kwenye jicho moja, madaktari hutaka awe ameshafanyiwa upasuaji kabla au karibu ya wiki hiyo ya sita. Kwa macho yote mawili, kabla miezi miwili haijapita sana. Yaani arobaini inapopikiwa pilau, muda ndio huo unakatika.

Yale macho yanayoyumba ndiyo alama ya kwamba muda umeshapita kiasi. Ubongo haukupata kitu cha kukitazama, haukujifunza kutulia. Daktari alimwambia yule mama upasuaji bado una faida kubwa, asikae, na kwamba baadaye mtoto atavaa miwani mizito na atahitaji kufuatiliwa kwa miaka. Akaandikiwa barua. Nilimwona akiikunja mara nne na kuitia ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto.

Kitabu hicho hicho, wenzangu, kina sehemu ya macho. Nilikifungua cha mwanangu niliporudi nyumbani. Dawa ya mafuta ya tetrasaiklini siku ya kuzaliwa, ya kumkinga na maambukizi anayoweza kuyapata akipita njia ya uzazi. Hiyo ilikuwa imetiwa alama. Rangi ya mboni, kama mtoto anafuata kitu kwa macho, kama macho yamelingana: masanduku matupu. Muuguzi alikuwa na foleni, na mimi nilikuwa nafurahia kilo.

Majibu ya mwanangu: jicho la kulia lilihitaji miwani ndogo ya kuongeza moja, la kushoto kuongeza tano. Yaani la kushoto ni fupi. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 16 au 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na hukua mpaka 23 au 24, sehemu kubwa ya safari hiyo ikiwa katika miaka miwili ya mwanzo. Macho yote mawili husafiri pamoja, na la mwanangu moja limechelewa milimita moja na ushei. Unene wa sarafu ndogo. Kwa ajili ya hiyo milimita, kwenye chati ya E, ile ambayo mtoto anaonyesha kwa vidole miguu imeelekea wapi, la kushoto liliishia 6/36: alichoweza kukiona mwenye jicho zima akiwa umbali wa mita 36, yeye ilibidi akisogelee mpaka mita sita.

Alipewa miwani kwanza, miwani peke yake, miezi minne. Siku ya kwanza alisimama barazani akatazama juu ya paa la jirani, akauliza yale ni nini. Yalikuwa majani ya mkungu. Alikuwa akiyaona tangu zamani kwa jicho lake la kulia, daktari ananihakikishia, hivyo sijui alichokiona ni kipi hasa. Labda kwamba jani moja liko mbele ya jingine. Mimi mpaka leo naambiwa tu kwamba liko mbele.

Miezi minne ilipoisha, 6/36 ikawa 6/24 bila ya kufanya lolote zaidi. Ndipo kikaja kiraka.

Kiraka ni plasta ya kunata yenye umbo la yai, inabandikwa juu ya jicho zima, chini ya miwani, ili ubongo ukose njia ya mkato. Ustadh analazimishwa kumsikiliza yule wa mafua. Zamani watoto walifungwa kutwa nzima. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2003 ulionyesha kwamba kwa jicho lililolegea kiasi, saa mbili kwa siku zinafaa sawa na saa sita, na sisi tukaandikiwa saa mbili. Wengine hutumia matone ya atropini kwenye jicho zima ili lipate ukungu kwa muda, nayo pia hufaa. Sisi tulichagua kiraka kwa sababu mama mkwe hakutaka kusikia habari ya dawa kutiwa kwenye jicho lisiloumwa, na katika hilo nikaona nisishindane. Nimeshindana naye kwenye mengine.

Saa mbili! Ukiziandika ni neno dogo. Wiki ya kwanza alikuwa analia kwa sababu tumemnyang'anya jicho. Wiki ya pili akawa anakubali upesi mno, nikashuku. Nilipokuwa nikifagia chini ya meza ya kulia nikainua kichwa: viraka 14 vimebandikwa kwenye mbao kwa chini, vimepangana kama chaza kwenye mwamba. Vingine tulivipata nyuma ya friji. Kimoja kilikutwa kwenye shingo ya paka.

Aliyetuokoa ni huyo huyo mama mkwe. Alimketisha jamvini, akamwekea ungo wa mchele, akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi macho yangu yamechoka. Nichagulie mawe, lakini kwa jicho lako la siri, hilo jengine wajua litatuibia." Na mtoto akachagua. Kila siku baada ya alasiri, kiraka usoni, ulimi umetoka pembeni, anatoa jiwe moja na chuya mbili, bibi yake anampigia hadithi. Nilimuuliza daktari kama kazi ya karibu kama hiyo ndiyo inayoponya. Akasema chochote kinafaa, hata mpira, mradi jicho lenyewe linatumika. Lakini mpira haukuweza kumkalisha saa mbili, na hadithi za bibi ziliweza. Shuleni wakamwita macho manne. Akawaambia leo ana matatu, moja amelifunika.

Mama mkwe na mimi tumegombana kwa upole juu ya mengine. Ile chai ya rangi, kwa mfano. Tena si chai tu: maziwa ya mama, asali, maji ya chumvi, maji ya majani fulani. Jicho likiwa na maambukizi ukalitia kitu kisicho safi, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inaweza kupata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe mbele ya mboni ambalo hakuna miwani itakayolitoa. Juu ya wanja tuligombana zaidi, maana alimpaka mwanangu tangu siku ya saba, nyusi na kope, ili kumkinga na husuda. Baadhi ya wanja, ule wa manga wa jiwe lililosagwa, una madini ya risasi, na risasi humdhuru mtoto ubongo. Tukasikizana kwamba hirizi ya maneno inatosha. Na kengeza: yeye hushikilia kwamba kengeza kidogo ni urembo kwa mtoto wa kike. Mtoto wa chini ya miezi minne macho yake kuachana mara moja moja ni kawaida. Akipita hapo jicho bado linakimbia, apelekwe, na wa kumwita mrembo atamwita hata akiwa amenyooka.

Kuna jambo moja ambalo sikugombana naye, nilimwonyesha tu. Baada ya haya yote nilikaa usiku mmoja nikapitia picha zote za watoto wa ukoo kwenye simu, za Idi, za harusi, zile zilizopigwa kwa flashi. Nilikuwa natafuta weupe. Mwali wa flashi ukiingia moja kwa moja kwenye jicho zima, mboni hutoka nyekundu au hubaki nyeusi. Ikitoka nyeupe, inang'aa kama ya paka aliyemulikwa na taa za gari, mara nyingine ni pembe ya kamera tu, lakini mara nyingine ni mtoto wa jicho, na mara nyingine ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowashika watoto, wengi wao kabla hawajafika miaka mitano. Mtoto haumwi. Anacheza. Ikiwahiwa, maisha huokolewa na mara nyingine hata jicho. Ikichelewa hupita kwenye mshipa wa jicho ikaingia kichwani. Picha zetu zote zilikuwa salama. Nilizipitia mara mbili. Ukiona mboni nyeupe usingoje mwisho wa mwezi: hapa Mombasa kuna Coast General na Lighthouse for Christ, ukivuka kusini kuna Kwale Eye Centre, na wao wakishindwa wanajua wampeleke kwa nani kwenye hospitali ya Kikuyu, kule karibu na Nairobi.

Habari ya vitamini A nitaipita mbio kwa kuwa mnaijua: matone kuanzia miezi sita na kila miezi sita mpaka miaka mitano, na mchicha, papai, maembe, maini. Mtoto anayejikwaa jua likitua na mchana haoni tabu, msimcheke.

Sasa mwanangu ana miaka sita na jicho lake la kushoto limefika 6/12. Daktari ameridhika, mimi nataka zaidi, na tumeambiwa kiraka kitapunguzwa polepole kwa sababu ubongo ukiachiwa ghafla unaweza kurudi kwenye mazoea yake.

Ijumaa iliyopita tulikwenda kumwamkia babangu. Kibanda alikifunga miaka mingi iliyopita, lakini kisanduku cha vifaa kiko chini ya kitanda. Yeye mwenyewe sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Alipangiwa pia mwaka jana akaahirisha kwa sababu ya harusi, na hakuna kilichoharibika, lenzi ya mzee inasubiri. Mwanangu akapiga shikamoo, akaburuta kisanduku, akakitoa kilenzi. Akavua miwani. Bila ya kuambiwa na mtu akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akakibana kile cheusi upande wa kushoto, kikaanguka, akakibana tena kwa kukunja uso mzima, akakiinamia kisaa cha kike kilichofunguliwa mgongo.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa na sikukinywa.

"Babu," akasema, "kilenzi chako kina vumbi."

Babangu akanyoosha mkono, akakipokea, akakipuliza, akakipangusa kwa ncha ya kikoi. Akakitia jichoni, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kwa muda mrefu.

"Wapi?" akauliza. "Mbona mimi silioni?"